Chama kimetoa mtu nisiyemwamini: je, nipige suti?

Swali: Shikamoo. Mimi ni mpiga kura wa Kaunti ya Kilifi, Pwani ya Kenya. Nyumbani kwetu ni chama kimoja tangu baba alipoanza kupiga kura. Sasa inasemekana chama kitampa tiketi ya ubunge mtu nisiyemwamini kabisa na pesa za umma, na mwalimu mmoja mstaafu ninayemheshimu anajitayarisha kuwania kama mgombea huru. Baba anasema tupige suti, karatasi zote sita kwa chama, kwa sababu tukigawanya kura adui atapita katikati. Je, nikimpigia mwalimu nitakuwa nimekisaliti chama? Na hiyo hesabu ya baba ni ya kweli?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Sheria yetu haijui kitu kinachoitwa suti. Siku ya kura utapewa karatasi sita, kila moja na rangi yake, sanduku lake na hesabu yake. Popote kura zinapojumlishwa, karatasi yako ya rais haiulizwi ulimpigia nani ubunge. Suti ni wito wa jukwaani. Una manufaa kwa chama, na mara nyingine kwa mpiga kura pia, lakini hakuna aliyeuvunja akaitwa msaliti mbele ya sheria.

Baba yako namwelewa. Watu wa rika la wazazi wenu walikulia enzi ambazo chama kilikuwa mlango pekee. Kuanzia 1982 hadi Desemba 1991 Katiba ilitambua chama cha KANU peke yake. Katika mchujo wa 1988 wanachama walipanga mlolongo nyuma ya mgombea au picha yake, na aliyevuka asilimia 70 ya mlolongo alihesabiwa amepita bila kupingwa. Vyama vingi viliporudi, bado hukuweza kuwania bila kudhaminiwa na chama. Mlango wa mgombea huru ulifunguliwa na Katiba ya 2010, na ukatumika kwa mara ya kwanza kwenye uchaguzi mkuu wa 2013. Kwa hiyo jambo unalolifikiria wewe, mzee wako hakuwa nalo kwa sehemu kubwa ya maisha yake.

Sasa, ukiuliza "chama au mtu?" kwa jumla utakwama, kwa sababu viti sita havifanyi kazi moja. Uliza kiti kimoja kimoja: huyu akishaapishwa, ataamua peke yake au ataamua na kundi? Anayetia saini peke yake mchague kwa tabia na uwezo wake. Anayefanya kazi kwa kuinua mkono pamoja na wenzake, fahamu kwamba mkono huo mara nyingi utakuwa wa chama.

Gavana yuko upande wa mtu. Yeye ndiye mkuu wa serikali ya kaunti: anateua mawaziri wake, anaandaa bajeti, anasimamia hospitali za kaunti, barabara za kaunti, chekechea na masoko. Hakuna kiranja wa chama, yule anayesimamia nidhamu ya kura za chama bungeni, anayempigia simu asubuhi kumwambia atie saini wapi. Hata hivyo, gavana asiye na chama anahitaji marafiki kwenye bunge la kaunti, na hili watu husahau. Kawira Mwangaza alichaguliwa gavana wa Meru mwaka 2022 kama mgombea huru. Bunge la kaunti yake lilipiga kura ya kumwondoa Desemba 2022, likarudia 2023, likarudia tena Agosti 2024. Seneti ilimnusuru mara mbili za kwanza, mara ya tatu ikamng'oa. Hoja ya kumwondoa gavana huhitaji theluthi mbili ya wajumbe wote wa bunge la kaunti. Ukimchagua gavana kwa imani yako binafsi halafu ukajaza wadi zote na watu wa chama kinachomchukia, umemjengea nyumba na kumpa adui zake funguo.

Seneta anasimama katikati, na kuna sababu. Mswada unaohusu kaunti unapopigiwa kura kwenye Seneti, kila kaunti ina kura moja tu, na seneta aliyechaguliwa ndiye kiongozi wa ujumbe wa kaunti yake. Mwaka 2020 Seneti ilikwama kwa zaidi ya miezi mitatu juu ya fomyula ya kugawa mapato, na kikao baada ya kikao kikavunjika bila maafikiano. Kaunti kadhaa za Pwani zilikuwa kwenye orodha ya zile ambazo zingepoteza. Maseneta wa vyama vilivyozoea kurushiana maneno walikaa upande mmoja kutetea kaunti zao, watatu kati yao wakakamatwa na polisi mwezi Agosti, na mwafaka ukapatikana 17 Septemba. Kwa hiyo mwaniaji wa useneta muulize jambo moja tu: chama kikisema hivi na Kilifi ikisema vile, utapiga kura upande gani? Akizungukazunguka, umepata jibu.

Mwakilishi wa kike anapiga kura katika Bunge la Kitaifa sawasawa na mbunge mwingine yeyote, na juu ya hayo anahusika na mfuko wa kuinua makundi maalumu katika kaunti. Yote nitakayosema kuhusu mbunge yanamhusu pia.

Mwakilishi wadi ni mtu mnayejuana. Mtaa unajua kama ataonekana bomba la maji likipasuka. Hapa ningekwenda na mtu karibu kila mara, ila kuna gharama: viti vya wateule katika bunge la kaunti, vile vya kurekebisha idadi ya jinsia na vya makundi yaliyotengwa, hugawiwa vyama kulingana na viti vya wadi walivyoshinda. Kilifi ina wadi 35. Kila wadi inayokwenda kwa mgombea huru haiongezi mteule hata mmoja kwa chama chochote, kwa kuwa mgombea huru hana orodha.

Tuje kwenye ubunge, ndipo ulipo mgogoro wako. Hiki ndicho kiti kigumu kuliko vyote, kwa sababu mbunge ana kazi mbili zisizofanana. Moja ni ya kundi: kutunga sheria na kupitisha bajeti na kodi. Nyingine ni ya mkono wake: ushawishi wake juu ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo ya eneobunge, yaani basari, madarasa na vituo vya polisi.

Kwenye kazi ya kwanza, chama kina nguvu kubwa. Kumbuka Mswada wa Fedha wa 2024. Tarehe 25 Juni wabunge 195 waliupitisha na 106 wakaukataa, huku barabara za miji zimejaa vijana, na kwa sehemu kubwa mstari kati ya wale 195 na wale 106 ulifuata mstari wa mirengo. Kesho yake rais mwenyewe akakataa kuutia saini. Mbunge anayemkatalia kiranja hulipa gharama: chama kinaweza kumtoa kwenye kamati, na wakubwa zaidi huvuliwa vyeo. Mei 2020 Kipchumba Murkomen alivuliwa uongozi wa wengi katika Seneti na Kithure Kindiki akaondolewa unaibu spika, wote wawili baada ya kutofautiana na upande wa kinara wa chama chao. Ukimpigia mtu wa chama, basi, pigia hesabu kwamba kwenye kura kubwa atafuata chama. Ikiwa chama chako kinasimamia unachokiamini kuhusu kodi, ardhi na elimu, hilo si jambo dogo.

Lakini swali la pili ni gumu zaidi kwa baba yako: chama chenyewe kitabaki pale pale? PAA, chama kilichozaliwa huko kwenu Kilifi, kilitia saini kuingia muungano wa Azimio wa Raila Odinga mapema 2022, na kufikia Mei, kabla ya kura, kikawa kimehamia muungano pinzani wa Kenya Kwanza wa William Ruto. Septemba 2023 chama cha ODM, kikiwa upinzani, kilitangaza kuwafukuza wabunge kadhaa na seneta mmoja kwa kushirikiana na serikali ya Rais Ruto, na wenyewe wakakimbilia Jopo la Mizozo ya Vyama vya Siasa. Tarehe 7 Machi 2025 kinara wa chama hicho, marehemu Raila Odinga, alitia saini mkataba wa ushirikiano na Ruto huyo huyo. Sisemi uamuzi wowote kati ya hiyo ulikuwa mbaya. Ninachosema ni kwamba mtu aliyepiga suti mwaka 2022 kwa sababu ya msimamo wa chama, msimamo huo ulihamishwa bila yeye kuulizwa. Mpiga kura mwaminifu kwa chama anapaswa kujua ni mwaminifu kwa nini hasa: kwa sera, kwa kinara, kwa jamii yake, au kwa rangi ya fulana.

Kwenye kazi ya pili, uaminifu wa mtu ndio kila kitu. Sheria inasema NG-CDF isipungue asilimia 2.5 ya mgao wa serikali kuu, na ingawa kuna kamati ya eneobunge, kila mzazi aliyewahi kuomba basari anajua ni jina la nani linalotajwa. Shauri la mfuko huu lifuatilie: Septemba 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria yake haiendani na Katiba na ikaupa muda hadi 30 Juni 2026. Lina uzito kwa swali lako. Mbunge mwenye mfuko ni lazima umpime kwa mkono wake. Mbunge asiye na mfuko anabaki mtu wa kura, na hapo hoja ya baba ya kuangalia chama inapata nguvu zaidi.

Sasa hesabu. Baba anasema kweli kwamba ubunge hauna raundi ya pili. Anayeongoza hata kwa kura moja amechukua. Rais peke yake ndiye anayehitaji zaidi ya nusu ya kura zote pamoja na asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47, na akikosekana wa kufikisha hapo, wawili wa juu hurudiana. Kwa hiyo hofu ya kugawanya kura ni ya haki kwa viti vitano. Lakini ina mipaka, na mipaka hiyo inapimika.

Chukua kalamu. Tuseme eneobunge lenu hupiga kura 40,000 za ubunge, chama chenu huzoea 26,000 na mpinzani wa nje 14,000. Mwalimu aingie, na kila kura anayopata aitoe kwenye chama chenu tu. Akipata 10,000, chama kinabaki na 16,000 na kinashinda. Akipata 12,500, chama kinabaki na 13,500 na mpinzani wa nje anapita na 14,000 zake: hicho ndicho anachokiogopa baba. Akipata 14,500, mwalimu mwenyewe ni mbunge. Hatari iko kati ya 12,000 na 14,000 tu, shimo la kura 2,000. Na ukilitazama vizuri utaona shimo lipo kwa sababu mpinzani wa nje ana zaidi ya nusu ya kura za chama: nusu ya 26,000 ni 13,000, naye ana 14,000. Angekuwa na 12,000 badala yake, kusingekuwa na shimo kabisa. Mgawanyiko wowote ungeishia kwa chama au kwa mwalimu. Hiyo ndiyo kanuni ya kumwonyesha mzee: ikiwa mpinzani wa nje hafikishi nusu ya kura za chama, katikati hapapitiki.

Watu wengi hukosea kwenye takwimu wanazoweka. Usitumie kura za rais za eneobunge lenu. Kwenye ngome hizo huwa za juu kuliko za mbunge na zitakupa faraja ya uongo. Tumia matokeo ya ubunge ya 2022 yaliyotangazwa na tume ya uchaguzi, IEBC, na kama kulikuwa na mgombea huru wakati ule, mwandike peke yake, usimjumlishe na chama wala na mpinzani. Kisha jiulize mwalimu anakubalika kwa wafuasi wa nani. Akiwa anapendwa hata upande wa pili, kila kura anayoichukua kutoka kwa mpinzani inalipunguza shimo.

Kuna gharama moja ndogo ya kweli ambayo baba anaweza kuitaja. Sehemu kubwa ya Mfuko wa Vyama vya Siasa, asilimia 70, hugawiwa vyama kwa kadiri ya kura walizopata. Viti 12 vya wabunge wateule navyo huenda kwa vyama kulingana na viti walivyoshinda. Kura ya mwalimu haileti chochote kati ya hivyo. Kwa kura moja ni punje ya mtama. Kwa eneobunge zima si punje tena.

Kabla hujampa mwalimu kura, mfuate na maswali. La kwanza ni la karatasi: je, jina lake limeondoka kwenye sajili za vyama? Katiba inataka mgombea huru asiwe amekuwa mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Kura ikiwa Jumanne 10 Agosti 2027, awe ametoka kufikia mapema Mei, na mwenye busara hangojei Mei. Aangalie kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, upande wa Msajili wa Vyama vya Siasa, kwa sababu mwaka 2021 Wakenya wengi walikuta majina yao kwenye vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Anahitaji pia kuungwa mkono na angalau wapiga kura 1,000 waliosajiliwa katika eneobunge hilo. Mgombea huru anayeahirisha haya mpaka wiki ya mwisho hana timu, na asiye na timu hatakuwa na mawakala wa kutosha vituoni kulinda hizo kura unazompa.

La pili ni hili: ukifika Bungeni utakaa upande gani? Wagombea huru wengi walioshinda 2022 walitia saini makubaliano ya kushirikiana na upande wa serikali kabla hata Bunge halijakaa. Hawakujiunga na chama rasmi, kwa kuwa aliyechaguliwa huru akijiunga na chama anapoteza kiti, kama vile wa chama akijiuzulu chamani anavyopoteza chake. Lakini mkono wao ukawa umeshaahidiwa. Mwambie mwalimu aseme hadharani, mbele ya watu, ataunga mkono nani kwenye bajeti, kwenye kodi na kwenye kuchagua spika. "Nitasimama na wananchi" halitoshi, maana kila aliyepandisha kodi alisema hivyo hivyo.

Na kama huyo wa chama amewahi kuwa mbunge, usimhukumu kwa uvumi. Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, iko kwenye tovuti ya Bunge. Sauti nyingi za "ndiyo" na "la" hupita bila jina, lakini mgawanyiko ukiitishwa kila mmoja huandikwa alivyopiga kura. Mzalendo Trust, shirika linalofuatilia kazi za Bunge, nao hutoa tathmini ya wabunge kila mwaka. Isome ukijua kwamba inapima zaidi anavyozungumza ukumbini, na msemaji mzuri anaweza kupiga kura vibaya.

Usisahau pia mahali ambapo imani yako na uaminifu wa baba vinaweza kwenda pamoja: mchujo. Mkiwa wote wawili kwenye sajili ya chama, na chama kikiamua mchujo wa wanachama wote badala ya wajumbe au tiketi ya moja kwa moja, mna nafasi ya kumzuia huyo mtu ndani ya nyumba yenu wenyewe. Kwenye ngome, uchaguzi mara nyingi huishia hapo. Kama mwalimu bado hajakihama chama, aamue kwanza anapigania wapi. Akishindwa mchujo halafu atafute mlango wa uhuru, zile siku za miezi mitatu zinaweza kuwa zimemwisha. Na wewe ukijiondoa sajilini sasa kwa hasira, umejinyima kura ya mchujo.

Ukiniuliza mimi: kwa hali uliyoieleza, mwalimu akijibu maswali hayo vizuri na mpinzani wa nje akiwa hafikishi nusu ya kura za chama, karatasi ya ubunge ningempa mwalimu, na karatasi nyingine ningezipima moja moja, hata kama nne au tano zitaishia kwa chama kile kile cha baba. Shimo likiwepo na likiwa pana, ningemwambia mwalimu ukweli huo mapema, apime kama ana watu wa kulivuka.

Siku yenyewe, rangi ni hizi: rais nyeupe, gavana buluu, seneta manjano, mwakilishi wa kike zambarau, mbunge kijani, mwakilishi wadi rangi ya krimu. Vifuniko vya masanduku vinalingana nazo. Aliyezoea suti huweka alama kwenye nembo ile ile kila karatasi bila kusoma, kisha akifika kwenye ya kijani anakumbuka mwalimu, anaweka alama ya pili, na kura hiyo inakataliwa kwa kuwa na alama kwa wagombea wawili. Kwa hiyo anza na ya kijani ukiwa bado umetulia. Nembo ya mwalimu itakuwa ngeni kwa watu, basi tafuteni sura yake na jina lake, na mumfundishe hivyo kila bibi anayetaka kumpigia. Usiandike jina lako wala chochote cha kukutambulisha. Wakala wa chama hana haki ya kuiona karatasi yako, wala anayekuahidi pesa ukimpelekea picha kutoka kibandani. Hongo ni kosa kwa anayetoa na kwa anayepokea.

Mzee wako mwendee kabla ya hapo, jioni moja, na ile karatasi ya hesabu mkononi. Muulize anakumbuka kura ngapi za ubunge alizopata mpinzani wa 2022, kisha mkae muipige pamoja.